Mama Alikuwa Amesajiliwa, Lakini Hakuwa Amelipiwa

Usiku mmoja wa Machi 2025, saa tano na kitu, mama yangu alishikwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia. Anauza mboga pale Noonkopir, Kitengela, na si mtu wa kulalamika. Ukimsikia mama akisema "naumwa", ujue ameshaumwa siku mbili. Tukamweka kwenye gari la jirani na kukimbilia hospitali ya kibinafsi iliyokuwa karibu. Daktari alimpapasa, akampima, akasema ni kidole tumbo na kitapasuka wasipomfanyia upasuaji usiku huo.

Dirishani nikaulizwa kama ana SHA. Nikajibu kwa ujasiri kabisa kwamba anayo. Dada aliyekuwa kwenye kompyuta akaingiza nambari ya kitambulisho, akatazama, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Amesajiliwa, lakini hajalipiwa."

Mama, akiwa amejikunja kwenye benchi, akasikia. "We, hiyo ya SHA si nilifanya? Si wale wahudumu wa afya walipita nyumbani na simu zao?"

Walipita kweli. Walimuuliza maswali ya paa la nyumba, maji anatoa wapi na choo ni cha aina gani, halafu wakaenda. Mama akaamini mambo yameisha. Mimi pia niliamini, na mimi ndiye msomi wa nyumba, tena ninafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu!

Ili bima yake ianze kufanya kazi, ilitakiwa shilingi 7,440 kwa mkupuo, mchango wa mwaka mzima. Hospitali nayo ilitaka malipo ya awali ya 40,000 kabla chumba cha upasuaji hakijafunguliwa. Kwenye simu yangu kulikuwa na 6,200. Hebu niambie, ungelipa nini kwanza? Nilifanya ambalo kila mtu angefanya. Pesa zote nikazielekeza kwa malipo ya awali, mjomba akatoa 35,000 alizokuwa ameweka za karo, na mama akaingia. Kesho yake nilipouliza kama tukilipa SHA sasa itasaidia, nikaambiwa upasuaji ulishaandikwa kuwa wa pesa taslimu.

Bili ya mwisho ilikuwa 128,000. Mchango wa WhatsApp ulileta 79,300. Sisi watoto tukatoa 21,700. Zilizobaki 27,000 tukakopa kwa simu. Mama alipona, Mungu ni mwema, lakini alirudi kwenye meza yake ya sukuma wiki kabla kidonda hakijakauka vizuri kwa sababu deni halingojei mtu apone.

Ule uongo wa kikombe cha chai

Mimi nilisomea mauzo na matangazo chuo kikuu. Tunafundishwa ujanja mmoja mapema sana: bei ikionekana kubwa, igawanye. Usiseme shilingi 7,440 kwa mwaka. Sema shilingi 20 kwa siku, bei ya kikombe cha chai kibandani. Nimeandika matangazo ya aina hiyo. Hesabu yake ni sahihi, maana 7,440 ukigawanya kwa siku 365 unapata ishirini na senti kidogo. Mbao moja tu.

Lakini tangazo hilo linadanganya. Hakuna mtu anayekuja kwa mama yangu kila jioni kuchukua hiyo ishirini. Angekuja, mama angempa. Anayekuja ni mwaka mzima kwa siku moja, anataka elfu saba na ushee, na siku hiyo mara nyingi huwa ni siku ya ugonjwa.

Ndiyo maana huwa sipendi kusikia watu wakisema watu wa kipato cha chini "hawathamini bima" au "hawana nidhamu ya pesa". Mama yangu hulipa kila siku. Hulipa ada ya soko, hulipa aliyemletea mboga alfajiri, huweka cha chama, hununua tokeni za stima za hamsini hamsini. Vijana wa boda boda pale stendi hupeleka pesa ya mwenye pikipiki kila jioni bila kukosa. Mji huu unaishi kwa malipo ya kila siku. Nidhamu ipo. Kalenda ya bima ndiyo haikutengenezwa kwa ajili yao.

Tofauti ni karani wa mishahara

Kutoka Kitengela hadi viwanda vya EPZ pale Athi River si mbali. Majirani zetu wengi hufanya kazi huko, na kwao SHA ni jambo la kawaida tu. Asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa kabla pesa hazijafika mkononi. Anayepata 15,000 anakatwa 412.50. Anayepata 30,000 anakatwa 825, na huyo kwa kweli alipata afueni, kwa sababu NHIF ilikuwa ikimkata 900. Anayelia ni wa mshahara mkubwa: mwenye 100,000 alikuwa akilipa 1,700 na sasa ni 2,750.

Je, jirani wa kiwandani ana nidhamu kuliko mama yangu? Hapana. Ana karani wa mishahara. Kuna mtu anayemfanyia uamuzi huo kila mwezi bila kumuuliza. Mama hana karani. Kila mwaka lazima aamue mwenyewe kutoa maelfu kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika, huku mwenye nyumba ameshafika.

Na kuna jambo lingine. Chini ya NHIF, hazina iliyoanzishwa mwaka wa 1966, mtu asiye na mshahara alikuwa akilipa shilingi 500 kwa mwezi, na aliweza kulipa mwezi kwa mwezi. Ukichelewa ulipigwa faini, ndiyo, lakini 500 ni pesa ambayo mtu anaweza kuitafuta. SHA ilipoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango cha chini kilishuka hadi 300 kwa mwezi. Ilikuwa habari njema, hasa kwa maskini kabisa. Ila kwa wasio na mshahara, malipo yakawa ya mwaka. Hata aliyepangiwa 300 anatakiwa kutoa 3,600 kwa pamoja. Mama alipangiwa 620. Kwa hiyo kwake bei ilipanda kwa 120 kila mwezi, na juu ya hayo miezi yote kumi na miwili ikaja pamoja.

Ng'ombe hauzwi kila siku

Usidhani kwamba kulipa kila siku ndiyo dawa ya wote. Toka Kitengela, fuata barabara ya Namanga, pita Isinya, pita Kajiado mjini hadi Bissil. Huko utamkuta mfugaji ambaye hana shilingi 20 ya kila siku, lakini akiuza fahali mmoja sokoni anarudi nyumbani na makumi ya maelfu. Kwake malipo ya mwaka si tatizo kubwa, mradi yaje siku ya mauzo. Yakija katikati ya kiangazi, ng'ombe wamekonda na bei imeanguka, hata 3,600 ni mlima. Kajiado haijasahau ule ukame wa 2021 na 2022, mizoga ilipokuwa imelala kando ya barabara.

Kaunti ni moja, lakini kuna kalenda tatu. Mfanyakazi wa kiwandani hupata pesa mwisho wa mwezi, mama mboga kila jioni, mfugaji kwa msimu. Bima ikiwa na tarehe moja kwa wote, itampata mmoja na kuwakosa wawili.

Hasira ina sababu

Nitakuwa si mkweli nikisema shida yote ni tarehe ya kulipa. Watu wamechoka, na wana haki. Kuna waliolipa na bado wakaambiwa mtambo umegoma, warudi kesho. Februari 2025, hospitali za kibinafsi zilizo chini ya muungano wa RUPHA zilitangaza kwamba wagonjwa wa SHA watalipa pesa taslimu kwa sababu ya madeni ambayo hospitali zinadai. Mwaka huohuo Wizara ya Afya ikachukua hatua dhidi ya vituo vilivyoshukiwa kudai malipo ya huduma ambazo hazikutolewa. Mtu akisoma habari kama hizo kisha aombwe elfu saba, atasita. Hata mimi ningesita.

Na sisemi SHA ingelipa 128,000 zote za mama. Hospitali ya kibinafsi ina bei zake na bima ina viwango vyake. Lakini ingelipa sehemu, na sehemu hiyo pengine ndiyo ile 27,000 ambayo tuliilipa pamoja na riba.

Kukasirika ni sawa. Ninachoogopa ni hasira inayotuacha mikono mitupu. Ukisusia bima, hospitali haikusamehi kwa sababu ulikuwa na sababu nzuri.

Simu zetu zinajua kuchanga, hazijui kuweka

Hapa nataka kuongea kuhusu biashara yetu wenyewe, na natumaini wakubwa wangu watasoma mpaka mwisho.

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Wakenya tumegeuza simu kuwa kapu la harambee. Mtu akilazwa saa mbili asubuhi, kufikia saa nne kuna kikundi cha WhatsApp, kuna mweka hazina, kuna orodha ya majina inayorudiwa kila baada ya dakika tano. Watu 64 walimchangia mama. Wengine walituma mia, mmoja alituma elfu kumi. Ni jambo zuri na ninajivunia watu wetu.

Lakini tazama hesabu. Watu hao waliweza kupata 79,300 kwa siku tatu baada ya msiba kufika. Kabla haujafika, hakuna aliyekuwa ameombwa hata shilingi moja kwa ajili ya 7,440. Na kila mchango unaopita kwenye mitambo ya kampuni kama yetu huacha ada njiani, halafu mkopo wa kumalizia bili huacha riba. Niseme wazi: biashara ya malipo ya simu inapata pesa zaidi mtu anapougua bila bima kuliko anapokuwa nayo. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga hivyo. Nasema ndivyo ilivyo, na sisi tunaoandika makala za kuelimisha wateja hatuwezi kuendelea kukuambia "panga maisha yako mapema" bila kusema hivyo kwanza.

Mwaka wa 2025 ulikuja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo unakopeshwa mchango wa mwaka kisha unarejesha kidogo kidogo. Ni hatua nzuri, angalau mtu fulani amekubali kwamba mwaka mzima kwa mkupuo ni mzigo. Ila ni mkopo, na mama mboga wa Kitengela ameshajaa mikopo. Ukiingia, soma masharti, ujue unarejesha kiasi gani na ukikosa inakuwaje.

Ninachotaka kuona kwetu sisi wa malipo ni vitu vitatu vya kawaida kabisa. Kwanza, mtu aweze kuweka shilingi 20 ya afya kila jioni bila ada, ikae kando mpaka itimie. Pili, simu impe ujumbe mwezi mmoja kabla bima haijaisha, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Tatu, akiuliza, aonyeshwe neno moja tu: umelipiwa, au hujalipiwa. Simu inayoweza kunikumbusha deni la shilingi 80 saa kumi na mbili asubuhi haishindwi na hilo.

Fanya haya wiki hii

Wakati tunasubiri, haya yako mikononi mwako.

1. Piga *147# leo. Usiishie kuona kama umesajiliwa. Angalia kama umelipiwa na mpaka lini. Kusajiliwa ni kama kununua laini ya simu: bila salio hupigi. Ukimaliza yako, angalia na ya wazazi wako. Wengi wanaamini "walishafanya".

2. Kwa homa na kikohozi, anzia chini. Kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vilivyo na mkataba na SHA, huduma za msingi hulipiwa na mfuko wa serikali. Hapo kusajiliwa kunatosha hata kama hujalipa mchango. Mchango unahitajika ukilazwa, ukifanyiwa upasuaji au ukijifungua.

3. Jua sasa hospitali utakayoikimbilia usiku. Uliza mchana, ukiwa mzima, kama ina mkataba na SHA na kama upasuaji umo. Andika jina lake mahali ambapo kila mtu nyumbani anaweza kuliona. Saa tano usiku si saa ya kufanya utafiti, mimi ni shahidi.

4. Jua haki yako. Katiba, Ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na mwaka wa 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitali ya Pumwani, iliamua kwamba kumfungia mgonjwa ndani kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Deni bado utadaiwa, lakini wewe si dhamana.

5. Peleka jambo hili kwenye chama. Kama kuna ushauri mmoja tu utakaoubeba, ubebe huu. Nitakueleza kwa nini.

Zamu ya mama

Mama aliporudi sokoni, wenzake wa chama walimuuliza ilikuwaje. Akawaeleza kuhusu dirisha, kuhusu "amesajiliwa lakini hajalipiwa". Wakatazamana. Wako kumi na wawili, na walipopiga *147# pale pale, waliokuwa wamelipiwa walikuwa wawili tu, tena kwa sababu waume zao wameajiriwa.

Chama chao kilikuwa cha vyombo. Kila mwezi mmoja anapata sufuria, blanketi, vitu kama hivyo. Kuanzia Juni 2025 waliongeza zamu ya pili. Kila mmoja anatoa shilingi 700 kwa mwezi, ambazo kwa watu kumi na wawili ni 8,400. Pesa hizo zinalipa SHA ya mwaka mzima ya mwanachama mmoja na jamaa zake. Aliyepangiwa kidogo, kinachobaki kinaingia kwenye kisanduku cha dharura. Wale wawili walioajiriwa waume zao walikubali kutoa pia, na zamu zao zikifika, pesa zao zote zinaenda kisandukuni. Nilidhani watagoma. Mmoja alisema, "Leo ana kazi, kesho kiwanda kimefungwa. Tuendelee."

Kuna tatizo, na waliliona kabla yangu: wa mwisho anasubiri mwaka mzima akiwa hana kitu. Kwa hiyo hawakupiga kura. Walipanga foleni kwa hatari. Wa kwanza alikuwa binti mjamzito, wa pili mama mwenye kisukari. Mama yangu akawa wa tatu, kwa sababu ya kidonda.

Hakuna aliyewafundisha hayo. Hakuna programu waliyopakua. Walichukua bima yenye kalenda ya wenye mishahara, wakaikatakata mpaka ikaingia kwenye kalenda ya soko. Kazi hiyo tulipaswa kuifanya sisi wenye digrii na kompyuta.

Agosti, ujumbe uliingia kwenye simu ya mama saa ya jioni, wakati wateja ni wengi. Hakuusoma. Alinipa simu, akaendelea kukata sukuma wiki, akaniuliza bila kuinua macho: "Inasema nimesajiliwa?"

Nikamwambia, "La, mama. Inasema umelipiwa."

"Mpaka lini?"

Hilo ndilo swali. Kabla hujalala leo, mpigie mama yako umuulize hilohilo.